Uliza Barafu Iko Vipi

Habari ya kifo chake niliipata Jumanne asubuhi, nimesimama jikoni nasubiri chai ichemke, kupitia kundi la simu ambalo siku nyingine hutumika kukumbushana michango ya harusi. Mtu mmoja aliandika kwamba Bwana Mifugo wa Iringa hatunaye tena, ameanguka bafuni alfajiri, na mazishi ni leo hii baada ya sala ya alasiri. Nilisoma mara moja tu. Nikaandika "Poleni sana, Mungu amrehemu," nikatuma, nikarudi kwenye chai. Chini ya ujumbe wangu zikapangana pole nyingine zilizofanana na yangu kama zimetoka kwenye mashine moja. Nilikunywa chai yote, nikala na maandazi mawili. Nawaambieni haya, wasomaji wangu, kwa sababu mmezoea kunisoma nikiwa nimeshapanga hisia zangu vizuri. Siku ile sikusikia kitu. Hata leo, wiki kadhaa baadaye, moyo umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu: najua ni wangu, ila nikiubonyeza hausemi.

Jina lake sitalitaja. Hakupenda kuandikwa alipokuwa hai, na kwangu alikuwa Bwana Mifugo tu, cheo alichoondoka nacho kazini alipostaafu. Hatukuwa marafiki. Tulikuwa watu wa kujuana, na kujuana kwenyewe kulianza kwa ugomvi, maana niliwahi kuandika kwenye safu hii kwamba wafugaji wengi wa Usangu hawafuati maelekezo ya dawa, naye akaniandikia barua ya mistari mitatu: wengi ni wangapi, maelekezo yapi, na je, mimi mwenyewe niliyasoma? Sikuwa nimeyasoma. Nilimpigia simu kujitetea, nikajikuta namkaribisha chai siku atakapofika Mbeya. Akaja kweli, na tangu hapo kila alipokuja tulikutana kwenye hoteli moja ndogo karibu na stendi, yeye akilalamika kwamba chai ya Mbeya inatiwa sukari kwa chuki. Alikuja na gazeti lenye safu yangu, amezungushia kalamu maneno kama "hivi karibuni" na "kwa kiasi fulani". Alikuwa anaudhi. Mara nyingi nilifika nyumbani nimeapa sitamwalika tena, halafu namwalika.

Kwa nini alikuwa hivyo, alinieleza siku moja bila kuulizwa. Alipokuwa kijana kazini, alipelekwa Usangu kwenye familia za wafugaji waliohamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao. Aliwagawia dawa ya minyoo, na kwa kuwa alijiona mtu wa mpangilio, akawaachia karatasi yenye mwandiko safi: kila ndama apewe kizibo kimoja. Kizibo alichokuwa nacho kichwani ni cha chupa ya dawa. Alipoondoka, wenyeji wakagawana dawa ile kama wanavyogawana kila kitu, huyu akaimiminia kwenye chupa ya soda, yule kwenye dumu la mafuta ya kupikia, na kila mmoja akafuata karatasi kwa utii, kizibo kimoja, kile cha chombo chake. Yule wa dumu alipoteza ndama wanne. Alipomfuata Bwana Mifugo hakuja kulaumu. Alikuja kuomba radhi, akidhani labda hakusoma vizuri. "Ile radhi ndiyo iliyonimaliza," aliniambia. "Alikuwa amesoma vizuri kuliko mimi nilivyoandika."

Alipostaafu, nilidhani atafuga kuku na kukosoa magazeti. Badala yake akachukuliwa na kampuni moja changa hapa Mbeya, ya vijana wanaosambaza chanjo na dawa za mifugo kwa njia ya mabasi. Boksi la baridi, lenye barafu ya kulinda dawa isiharibike, linafungwa Mbeya asubuhi, linakabidhiwa kondakta, linashushwa Igawa au Nyololo au linafika hadi Iringa, na mfugaji analifuata. Simu zilipozidi mikono, vijana wale wakaiweka kazi ya kupanga mizigo chini ya akili mnemba, ile wanayoiita wakala. Si wakala wa kibandani anayetutolea pesa. Ni programu inayopokea ombi la mfugaji, inafikiria hatua, kisha inachagua yenyewe chombo cha kutumia: kipo chombo cha kutafuta basi, kipo cha kumwandikia mpokeaji, kipo cha kufunga safari ya mzigo ili usifuatiliwe tena. Kila chombo kina maelezo yake, mistari michache ya maneno ya kawaida, na programu haioni kitu kingine. Haijui stendi, haijui jua la mchana, haijawahi kumsubiri kondakta. Inajua ilichoandikiwa. Vijana walikuwa hodari wa kuunda vyombo, lakini maelezo waliyaandika kama wanavyoandikiana wao kwa wao, nusu sentensi, mengine wakiyaacha kwa sababu kila mtu anajua. Wakatafuta mtu wa kuyaandika upya kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mtu mmoja akamkumbuka mzee mkorofi wa Iringa.

Nilimcheka. Nikamwambia amehama kutoka kuandikia ng'ombe mpaka kuandikia mashine. Hakucheka. Alisema mimi ninaandikia watu wanaojua tayari, wanaosoma safu yangu ili watikise kichwa, na yeye anamwandikia asiyejua kitu, asiyeuliza swali, na asiyeona aibu kufanya jambo papo hapo. "Sasa sema," akanimalizia, "nani kati yetu anatakiwa kuwa mwangalifu?" Nilibadilisha mazungumzo.

Pamoja na uangalifu wote ule, alikosea tena, na lazima niseme alivyokosea kwa sababu mwenyewe hakuficha. Kwenye maelezo ya chombo cha kufunga safari aliandika: "Tumia chombo hiki mzigo ukishafika." Mstari mmoja, Kiswahili safi. Sasa kulikuwa na mama mmoja wa Nyololo, mfugaji wa kuku wa nyama, aliyeagiza chanjo ya gumboro. Basi lilipopita, kondakta alimpigia kwamba mzigo wake umeshushwa. Dakika chache baadaye wakala akamwandikia kumuuliza kama mzigo umefika. Mama yule alikuwa shambani, boksi hajaliona, lakini angejibu nini? Kondakta amesema umefika. Ukisema bado, ni kama unamwita kondakta mwongo, na huyo ndiye atakayekubebea mzigo wiki ijayo. Akajibu kama ambavyo mimi na wewe tungejibu: "Umefika, asante." Wakala akafuata maelezo yake, akafunga safari, akanyamaza. Kule stendi, manyunyu yakaanza, na dada mwenye kibanda cha chipsi akalihurumia lile boksi lililoachwa nje. Akaliingiza ndani, akaliweka mahali pakavu, pembeni ya jiko. Lilikaa hapo hadi kesho yake. Mama akachanja kuku wake kwa maji ya moto, tuseme hivyo, na gumboro ilipoingia ikafagia banda zima.

Angalieni hapo mtu mbaya ni nani. Kondakta alishusha mzigo, dada wa chipsi aliutunza, mama alijibu kwa adabu, mashine ilitii. Bwana Mifugo alipanda basi kutoka Iringa hadi Nyololo, akakaa kwa yule mama nusu siku, akatazama banda tupu, akamwambia kosa ni la mstari wake. Mama akamjibu, "Hapana baba, ni bahati mbaya tu." Aliniambia neno hilo lilimuuma kuliko matusi, kwa sababu lilikuwa "umefika, asante" nyingine. Aliporudi akaandika upya maelezo yote. Kile kipande cha kufunga safari nimekisoma mara nyingi sasa, na nakinukuu hapa kwa sababu sijaona Kiswahili bora zaidi mwaka huu: "Mzigo haujafika mpaka mpokeaji afungue boksi na kugusa barafu kwa mkono wake. Usimuulize kama umefika. Atasema umefika kwa heshima tu. Muulize barafu iko vipi: nzima, nusu, au maji. Asiyeliona boksi hawezi kujibu swali hili." Mashine ikaanza kuuliza hivyo, na wafugaji wakaanza kwenda stendi, maana hapakuwa na adabu ya kujibia.

Sasa nifike kwangu. Wiki tatu kabla hajafa, alinitumia maelezo yote kwa simu, kurasa tisa, na ombi. Aliandika: "Mwandishi, soma kama mtu asiyewahi kufika Nyololo. Nionyeshe panapopwaya." Nilikuwa na safu ya kumaliza, na mgeni sebuleni. Nikafungua, nikavuta kurasa mbili tatu kwa kidole, nikaona mistari imekaa vizuri, nikamjibu: "Iko vizuri sana, hongera." Nikaongeza na kidole gumba. Hazikupita dakika mbili akajibu: "Asante. Umefika ukurasa wa ngapi?" Niliuona ujumbe huo. Nikasema moyoni, huyu mzee naye, nikaweka simu chini. Huo ndio ujumbe wa mwisho alionitumia, na sikuujibu.

Jumatano nilikwenda Iringa, alikuwa ameshazikwa. Nyumbani kwao Mlandege nilikaa mkekani na akina mama, nikanywa nilichopewa, nikaitikia dua. Mjane wake ni mwanamke mpole, wa ukoo wa wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani siku nyingi, na nilikuwa nimeonana naye mara moja tu. Nilimwambia pole akaniambia nimeshapoa. Nilimwambia ajikaze akasema inshallah. Tukaendelea hivyo, mimi na yeye, tunapeana maneno bila hata mmoja wetu kuyashika. Mchana alinigusa goti, akanisogezea simu ya marehemu iliyokuwa imefunikwa kwa mtandio. "Dada, hii simu tangu jana inauliza maswali," alinong'ona. "Sijui nani. Wewe ni mtu wa kuandika, hebu mwambie mwenyewe amefariki."

Nilisoma. Zilikuwa jumbe za wakala. Mbili za jana yake, moja ya saa hiyohiyo, na zote zilianza namna moja. Ile ya mwisho ilisema: "Mpokeaji wa Igawa anasema mzigo umefika. Nimemuuliza barafu iko vipi, hajajibu. Sijafunga safari. Nasubiri jibu lako." Ofisini Mbeya walikuwa wamefunga ili waje kuzika, na mashine haikupewa likizo ya msiba. Nilitoka uani nikampigia mtu wa Igawa. Akaniambia bila wasiwasi kwamba boksi liko kwa jamaa wa stendi, hajalifuata bado, alijibu tu kule asije mtu akahangaika. Nikamwambia alifuate sasa hivi, akishika barafu anipigie. Nilisimama uani kwa watu, viatu vya waombolezaji vimejaa miguuni pangu, nikimsubiri mtu nisiyemjua aguse barafu. Alipopiga alisema, "Ipo dada. Imebaki nusu, ila ni baridi kabisa." Zile mbili za jana nilizifuatilia pia. Zote zilikuwa maji.

Wiki iliyofuata nilikwenda ofisini kwao. Binti mmoja mwandishi wa programu alinifungulia faili, na kwa mara ya kwanza nilisoma kurasa zote tisa, neno kwa neno, kama nilivyoombwa. Kwenye ukurasa wa tisa, mstari wa mwisho kabisa, Bwana Mifugo alikuwa ameandika: "Ukikwama, usikisie. Niulize mimi," na namba yake ya simu, "na usiendelee mpaka nikujibu." Mtu aliyeona vizibo vya vyombo vitatu tofauti, aliyeona adabu ya mama wa Nyololo, hakuona kwamba iko siku hatakuwepo. Ni upofu wa kawaida, sote tunao, na ndiyo maana mtu huomba mwenzake amsomee. Msomaji yeyote angeliona. Mtoto wa shule angeuliza, babu, na wewe usipopokea simu? Mimi ninayelipwa kwa kusoma na kuandika niliishia ukurasa wa tatu, nikatuma kidole gumba. Binti aliniuliza tuweke namba ya nani. Nikasema waweke mbili: ya mtu wa zamu ofisini, na akishindwa kupatikana huyo, yangu. Inaita mara moja moja. Ikiita napokea.

Tunasema sana siku hizi kwamba mashine hizi zitatuharibia lugha, na huenda ni kweli, sijui. Nilichokiona mimi ni kwamba mashine imekuja ikatukuta tuna lugha mbili, moja ya kuelezana na moja ya kutunzana, na hii ya pili tumeizoea hadi tunaitumia kujibia mambo ya kazi. Iko vizuri. Umefika. Nimeshapoa. Simlaumu mtu kwa maneno hayo, bila hayo tusingekaa nyumba moja. Lakini kazi ya mwenzio ukiletewa uisome, isome hadi ukurasa wa mwisho au sema hukusoma. Na ukitaka kujua hali ya mtu, usimuulize swali ambalo adabu imeshalijibu kabla yake.

Juzi nilipita Iringa tena, nikaenda Mlandege. Waombolezaji wamepungua, mikeka imekunjwa, mjane yuko eda, ndani peke yake na redio ndogo. Nikamuuliza anaendeleaje. Akasema anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuitikia, nikaufunga. Nikamuuliza leo amekula nini.

Alinyoosha pindo la khanga yake muda mrefu. "Leo bado," akasema.

"Na jana?"

"Jana waliniletea wali. Niliwapa majirani."

Niliingia jikoni kwake bila kuomba ruhusa, nikatafuta unga, nikakoroga uji, nikamimina vikombe viwili. Tulikunywa, redio inaongea peke yake. Alikwenda polepole, lakini alikunywa. Alipobakiza kidogo nilimuuliza, kwa mazoea tu, kama uji ulikuwa mzuri. Akasema mzuri sana, ahsante. Kisha akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikaona uso wake umelegea.

"Hapana dada," akasema. "Hukutia sukari hata chembe."

Nikatazama kikombe changu. Nilikuwa nimekimaliza chote.